UZI: Mdahalo ambao huchagui upande. Historia ya mashindano ya vyuo vikuu, kutoka Oxford hadi Gaborone

#1 · mnadhimu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu, naomba uvumilivu. Niliuahidi tangu ule mjadala wa mambo ya Bunge, mwenzetu mmoja alipouliza zile "Taarifa, Mheshimiwa Spika" zimeanzia wapi, na kwa nini wanafunzi wa vyuo nao wanajiita Waziri Mkuu na Kiongozi wa Upinzani kwenye midahalo yao.

Nianzie nyumbani. Aliyesoma sekondari anaijua Ijumaa ya mdahalo. Madawati yamesukumwa ukutani, meza mbili ziko mbele zinatazamana, mwenyekiti kafunga tai ya kuazima, mtunza muda kashika kengele ya shule na mkono unamwasha kuigonga. Ubaoni kuna chaki: "Maisha ya kijijini ni bora kuliko maisha ya mjini." Au ile nyingine, "Mkulima ni bora kuliko daktari." Unasimama, karatasi inatetemeka, unaanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, wazungumzaji wenzangu na wasikilizaji wote..." Ukimaliza salamu, nusu ya dakika zako imekwenda.

Mara yangu ya kwanza nilipangwa kutetea kijijini wakati moyo wote uko mjini. Nikamfuata mwalimu anihamishe. Akanijibu, "Kaa hapo hapo, utafute sababu." Nilikaa, nikatafuta, na nilipozipata nilishtuka kwamba zilikuwa sababu nzuri kweli. Jambo hilo ndilo lililonivuta hadi midahalo ya chuo kikuu, baadaye nikawa mwamuzi kwa misimu kadhaa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema haya ni mashindano ya kuonyeshana Kiingereza, huwa naumia. Kuna kitu kikubwa zaidi humo, na historia yake inakionyesha.

Midahalo hii ya vyuo ilianza kama klabu. Dublin, 1747, kijana Edmund Burke akiwa mwanafunzi wa Trinity alianzisha kikundi cha kuhutubiana, na chama cha wanafunzi kilichozaliwa 1770 chuoni hapo kinajihesabu kuwa mrithi wake. Edinburgh walikuwa na chao tangu 1764. Cambridge ilifuata 1815, na haikukaa miaka miwili kabla ya wakuu wa chuo kuingiwa na hofu kwamba vijana wanajadili siasa mno. Machi 1817 naibu mkuu wa chuo akatuma maofisa wa nidhamu waufunge mkutano. Inasimuliwa kwamba aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo, William Whewell, aliwaambia maofisa wale kwa utulivu kabisa kwamba wageni watoke nje kwanza ili Bunge, ndivyo walivyouita mkutano wao, lipate nafasi ya kuujadili ujumbe wao. Vijana walikuwa wamelibeba Bunge kwa dhati hata mbele ya waliokuja kuwatawanya! Walifungiwa hadi 1821.

Oxford walianza 1823. Gladstone, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, alikuwa rais wa chama hicho mwaka 1830. Hapo ndipo mnaona ule uhusiano na Bunge: waliokuwa wakijifunza kutawala walikuwa wanalifanyia mazoezi. Pande mbili za viti zinatazamana kama kule Westminster, ambako sakafuni kuna mistari miwili myekundu ambayo kwa mapokeo umbali wake ni panga mbili zilizonyooshwa. Ukisema, sema ukiwa nyuma ya mstari wako.

Mpaka leo Oxford mtu akitoka ukumbini usiku ule, mlango anaopita ndiyo kura yake. Upande mmoja Ndiyo, upande mwingine Siyo.

Na kura zile zimewahi kuitikisa nchi. Tarehe 9 Februari 1933, siku kumi tu tangu Hitler awe Kansela wa Ujerumani, ukumbi wa Oxford ulijadili kwamba Bunge hili kwa hali yoyote ile halitampigania Mfalme wake na nchi yake. Ikapita kwa kura 275 dhidi ya 153. Magazeti yakalipuka. Mtu akawatumia sanduku la manyoya meupe 275, moja kwa kila aliyeunga mkono, na unyoya mweupe kwa Waingereza ni alama ya mwoga. Randolph Churchill, mwana wa Winston, akaja mwezi uliofuata kutaka azimio lifutwe kwenye kumbukumbu. Wakamkatalia kwa kura 750 dhidi ya 138, na wengi kati ya hao hawakuwa wanalipenda azimio lenyewe. Walichokataa ni mtu wa nje kuja kuwafutia walichokisema.

Kisha kuna Desemba 3, 1964. Rais wa chama cha Oxford alikuwa Mjamaika, Eric Abrahams, na aliyemwalika kuzungumza ni Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi. Alitetea mada kwamba msimamo mkali katika kutetea uhuru si kosa, na upole katika kutafuta haki si sifa njema. Februari 18, 1965, Cambridge wakamkutanisha James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, na mhafidhina William F. Buckley juu ya mada kwamba ndoto ya Marekani imejengwa kwa gharama ya Mmarekani mweusi. Baldwin alishinda kwa 544 dhidi ya 164, na watu wakasimama kumpigia makofi. Siku tatu baadaye Malcolm X akauawa kwa risasi New York.

Picha za mdahalo ule wa Cambridge zipo, tafuteni mzitazame. Mtazameni Baldwin anavyoanza polepole, kama mtu anayesali.

Lakini wakuu, hayo bado si mashindano. Baldwin alisema alichokiamini, na ukumbi ukapiga kura kwa ulichokipenda. Mchezo ninaouzungumzia umezaliwa pale vyuo vilipoanza kushindana. Naendelea chini.

---

#2 · mtu_wa_bukoba

Mkuu, nimesoma hadi mwisho, hongera. Ila nikuulize bila kukuvunjia heshima. Mimi jambo hili linanikera. Kijana anafundishwa kutetea asichokiamini, leo anasema adhabu ya kifo ifutwe, kesho anasema irudishwe, na kote anapigiwa makofi. Hapo si ndiko wanakotoka wanasiasa wetu wa leo huku kesho kule? Mtu mzima anapaswa kuwa na msimamo.

---

#3 · mnadhimu

Mtu wa Bukoba, ahsante. Swali lako ni zito na nitalijibu, ila nimalize kwanza jinsi mchezo ulivyotengenezwa, maana jibu limo humo humo.

Uingereza na Ireland walikuwa na mashindano ya vyuo mapema. Gazeti la The Observer lilianza kudhamini mashindano ya kugombea rungu lake mwaka 1954. Ni rungu kweli, kama lile la Bunge. The Irish Times wakaanza mashindano yao 1960. Waliokuwa wakitisha ni Glasgow. Pale palikuwa na utamaduni wa midahalo ya siku nzima, wanafunzi wakijigawa kwa vyama kama wabunge na kubishana hadi usiku. John Smith, aliyekuja kuongoza chama cha Labour, alichukua rungu la Observer akiwa na Glasgow mwaka 1962. Alipofariki 1994 akiwa bado kiongozi wa chama, rungu likapewa jina lake.

Ni Glasgow hao hao walioandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya vyuo vikuu, 1981. Kabla yake palikuwa na safari za kuvuka Atlantiki, maana Oxford na chuo cha Bates cha Marekani walishakutana tangu 1921. Mwaka huo wa 1981 ndipo ilipokubaliwa kwamba hili ni kombe la dunia. Toronto wakalichukua. Jambo moja la kuwekwa wazi: ukumbi ule wa Glasgow ulikuwa umewaruhusu wanawake kuwa wanachama mwaka mmoja tu nyuma, 1980. Oxford na Cambridge walifungua milango yao kwa wanawake 1963. Zaidi ya karne nzima waliobishana humo kuhusu haki za binadamu karibu wote walikuwa wanaume.

Baada ya hapo kombe likazunguka: Sydney, Princeton, Dublin, Stellenbosch, Manila, Singapore, Gaborone, Chennai, Mexico City. Sydney wamelichukua mara nyingi kuliko chuo kingine chochote. Monash, nao wa Australia, walishinda mara tatu mfululizo, 2011, 2012 na 2013. Nyingine nawaachia mzitafute.

Sasa mchezo wenyewe, kwa wasiowahi kuuona.

Chumba kimoja, timu nne, kila timu watu wawili. Mbili ni Serikali, mbili ni Upinzani. Timu ya kwanza ya Serikali ina Waziri Mkuu na naibu wake. Ya kwanza ya Upinzani ina Kiongozi wa Upinzani na naibu wake. Nyuma yao kuna timu za pili, na wasemaji wa mwisho wa kila upande ndio wanadhimu, jina nililojibandika humu. Kila mtu dakika saba. Meza inagongwa mara moja dakika ya kwanza ikiisha, mara moja tena dakika ya sita, mara mbili ya saba. Kati ya dakika ya kwanza na ya sita, mtu wa upande wa pili anaweza kusimama na kuomba taarifa, sekunde 15 tu. Unaruhusiwa kumkatalia, ila ukiwakatalia wote waamuzi watajiuliza unaogopa nini. Wa zamani walikuwa wakisimama mkono mmoja kichwani na mwingine wameunyoosha mbele. Husemwa kwamba ule wa kichwani ulikuwa wa kuzuia wigi la bungeni lisidondoke.

Utamu uko hapa. Timu yako ya pili ya Serikali iko upande mmoja na timu ya kwanza, lakini mnashindana nayo. Huruhusiwi kumpinga mwenzio, na huruhusiwi kurudia alichosema. Inabidi ulete kitu kipya kinachomzidi bila kumvunja. Nimeona timu zenye ulimi wa dhahabu zikishika mkia kwa sababu kila walichoandaa kilisemwa na waliotangulia. Unakaa pale unafuta karatasi yako mstari kwa mstari huku dakika zinakwenda, unamnong'oneza mwenzako "hiyo imeenda, na hiyo imeenda," mpaka linabaki jambo moja dogo pembeni ya ukurasa, nalo ndilo linalowaokoa.

Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne hana kitu. Kwenye mashindano ya dunia raundi za mchujo ni tisa. Wenye pointi sawa wanakutanishwa, kwa hiyo ukishinda unapelekwa kwenye moto mkali zaidi. Tatu za mwisho matokeo hayatangazwi, mnabaki na wasiwasi hadi usiku wa kutangaza waliofuzu.

Na mada? Inatangazwa ukumbini, kila mtu ameshajua yuko upande gani, kisha mna dakika 15. Simu zimezimwa, hakuna intaneti, hakuna mwalimu. Wewe, mwenzako, karatasi na kichwa chako.

Ndugu yangu wa Bukoba, jibu langu ni hili. Kwenye ukumbi wa 1933 kila mtu aliingia na msimamo wake na wengi wakatoka nao. Kwenye chumba cha timu nne, umepangiwa upande na kura ya bahati. Dakika 15 zile unalazimika kumchukulia mtu usiyekubaliana naye kuwa ana akili, na kuitafuta akili yake iko wapi. Mwanasiasa kigeugeu hafanyi hivyo. Yeye habadilishi hoja, anabadilisha anayemlipa. Mimi nilitetea mambo niliyoyachukia nikaendelea kuyachukia, ila nilijua sasa nayachukia kwa sababu gani. Na mawili matatu niliacha kuyachukia.

Fainali ya dunia ya 2016 kule Thessaloniki mada ilikuwa kwamba maskini wa dunia watakuwa na haki kufanya mapinduzi kamili ya Kimarx. Harvard wakashinda. Fikirieni, chuo tajiri namna ile! Hakuna aliyewauliza wanaamini nini, na waamuzi hawakuwa na haja ya kujua.

---

#4 · mzee_wa_maktaba

Vijana, nimefurahi kuukuta uzi wa namna hii. Naongeza kidogo upande wetu, msije mkadhani mdahalo wa vyuo tumeletewa na mashindano ya juzi.

Mwalimu Nyerere alipokuwa Tabora, shule ya serikali, alishiriki kuanzisha timu ya midahalo pale. Hiyo ni miaka ya mwisho ya thelathini na mwanzo wa arobaini. Kisha akaenda Makerere, 1943. Aliyemsikia akizungumza baadaye, anavyochukua hoja ya mpinzani akaieleza vizuri kuliko mwenyewe kabla ya kuibomoa, atatambua aliianzia wapi.

Halafu kuna ule wa 1970 Makerere, Ali Mazrui na Walter Rodney. Kaka yangu alikuwa mwanafunzi pale, alirudi nyumbani akiwa haongei kitu kingine. Mazrui, mtoto wa Mombasa, profesa wa siasa, mliberali. Rodney, kutoka Guyana, akifundisha historia Dar es Salaam, Mmarx hadi kwenye mifupa. Wote wawili walijua kutumia ulimi. Rodney alikuwa bingwa wa midahalo tangu yuko shule ya Queen's College kule Georgetown. Kwa hiyo mnaposema mashindano, kumbukeni yule mtu aliyewasha moto Mlimani alikuwa zao la mashindano hayo hayo.

Sina mengi. Endeleeni.

---

#5 · binti_kisauni

Shikamoo mzee. Nimefurahi umemtaja Profesa Mazrui, kwetu huku akitajwa tunakaa sawa.

Mimi niko chuoni sasa hivi, nashiriki midahalo mwaka wa tatu, na nataka kusema jambo ambalo mnadhimu hajalifikia. Sisi tuliokulia Kiswahili tunaingia chumbani na kazi mbili. Mwenzangu wa kutoka London au Sydney anawaza hoja. Mimi nawaza hoja, kisha naitafutia Kiingereza, kisha naangalia nisitamke vibaya, na yote hayo kwenye dakika saba zile zile. Kuna raundi moja nilikuwa naeleza kuhusu wavuvi kufungiwa bahari na kampuni kubwa. Jambo nalijua kama ninavyojua jina langu, babangu ni mvuvi. Mwamuzi akaniambia hoja zangu "hazikuwa wazi". Aliyenijibu hajawahi kuuona mtumbwi, alisema maneno ya jumla kwa kasi na kwa lafudhi nzuri, akapewa alama nyingi kuliko mimi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaingia raundi iliyofuata.

Sisemi niache. Naupenda mchezo huu mno. Lakini hiyo kura ya bahati mnayoisifu inagawa upande tu, haigawi lugha.

---

#6 · mnadhimu

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa hiyo ya Rodney.

Dada wa Kisauni, pole sana. Sikulificha jambo hilo, nilikuwa nalivutia pumzi, maana ndilo lililonifanya niandike.

Afrika ilipokea mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza Stellenbosch 1997, na tena 2003. Mwaka 2008 yakaanza mashindano ya vyuo vya Afrika nzima, Gaborone, kwenye Chuo Kikuu cha Botswana, na chuo hicho hicho kikaandaa ya dunia ya 2011. Tuna na ya kwetu ya Afrika Mashariki pia. Nimeamua kwenye ya kwetu, na nawaambieni ukweli, raundi kali nilizowahi kuona hazikuwa za kwenye video za Ulaya. Zilikuwa kwenye madarasa yenye feni moja inayolia, timu ya Kigali dhidi ya Kampala dhidi ya Nairobi dhidi ya Dar, watu wamekuja kwa basi la usiku kucha na shati limekunjwa kwenye mfuko wa rambo.

Nchi zisizotumia Kiingereza nyumbani zilipigana hadi mashindano ya dunia yakatenga fainali za wale ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili, na za wale ambao ni ya kigeni kabisa. Ilisaidia. Timu nyingi za Asia na Ulaya ya Mashariki zilipandia ngazi hiyo, na 2022 kombe kuu lenyewe lilichukuliwa na chuo cha BRAC cha Bangladesh. Mwaka huo mashindano yalifanyika mtandaoni. Midahalo ya mtandaoni iliwafungulia mlango wengi wasio na nauli, ingawa na yenyewe ina vita vyake. Mimi raundi moja nilikuwa mwamuzi, dakika ya tano ya mtu anayezungumza vizuri ajabu, bando likakata. Nilikimbia mtaa mzima kutafuta vocha, nikarudi nikamkuta mnadhimu wa mwisho anamalizia. Ilibidi niwaombe radhi na kujitoa kwenye uamuzi. Mpaka leo sijui yule kijana alimaliziaje hoja yake.

Lakini kuna kidonda ambacho fainali za pembeni hazikukitibu. Cape Town, mashindano ya 2019. Siku ya fainali wanamidahalo weusi walipanda jukwaani kupinga ubaguzi wa rangi walioupata kwenye mashindano yenyewe. Fainali ikashindwa kufanyika mbele ya watu, ikapelekwa faragha, Sydney wakashinda huko huko. Mashindano yaliyotoka kwenye kumbi za watu mia saba, siku hiyo yalimalizikia chumbani. Waliopanda jukwaani walilaumiwa na wengine kwamba wameharibu fainali. Mimi niko upande wao, na hapa siko kwa kura ya bahati. Unapowafundisha watu miaka mitatu namna ya kudai nafasi ya kusema, siku wakiidai usishangae.

Sasa ninalolitaka. Wanaozungumza Kihispania wana mashindano yao ya dunia ya vyuo, kwa lugha yao. Kiarabu nacho kina yake, Qatar wanayaandaa, na vyuo vinatoka pande zote kwenda kushindana. Kiswahili kinazungumzwa Dar, Mombasa, Goma, Bujumbura, Kampala, hadi Muscat. Kimekubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022. Na msamiati wa mchezo huu hatuhitaji kuutunga, upo bungeni Dodoma kila siku: taarifa, mwongozo, utaratibu, mnadhimu, kambi ya upinzani, waliosema ndiyo wameshinda. Kubishana kwa ufundi hatukufundishwa na mtu. Muyaka wa Mombasa alikuwa anajibizana na washairi wa Lamu kwa beti, karibu wakati ule ule vijana wa Cambridge wanafungiwa ukumbi wao, na shairi la mpinzani lilijibiwa kwa vina.

Nitaomba vyuo viwili tu vianze. Nchi mbili, wikiendi moja, timu 16, vyumba vinne. Waamuzi nitawatafuta mwenyewe. Chumba hakihitaji zaidi ya meza, saa na watu wazima watatu wanaojua kusikiliza.

---

#7 · mtu_wa_bukoba

Mkuu, umenisogeza, sijafika lakini nimesogea. Ila Kiswahili kitabeba mambo ya uchumi wa dunia, benki kuu, akili bandia? Hapo nina shaka kweli.

---

#8 · mnadhimu

Basi tupime hapa hapa, kwenye uzi.

Mada: *Bunge hili lingefundisha masomo yote ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa Kiswahili.*

Angalieni namba ya mchango wenu wa kwanza kwenye uzi huu. Shufwa ni Serikali, witiri ni Upinzani. Mzee wa maktaba na mtu wa Bukoba, mko Serikali. Dada wa Kisauni, umeangukia Upinzani. Mimi Spika. Dakika 15 za kujiandaa, saa yangu inasema 3:10 usiku. Tukutane 3:25, mitandao mingine mfunge.

---

#9 · binti_kisauni

Jamani, mimi tena ndiye wa kukipinga Kiswahili?

---

#10 · mzee_wa_maktaba

Mheshimiwa Spika, nimevaa miwani na chai iko pembeni, kwa hiyo nianze.

Mwanafunzi wa udaktari anasoma miaka mitano kwa lugha moja, kisha anakwenda wodini kuongea na mgonjwa kwa lugha nyingine. Bibi anamwambia "nasikia kichomi upande huu," na kijana anatafuta kichomi kwenye kitabu ambacho hakina neno hilo. Serikali hii inasema kwamba maarifa yanayopita njia mbili za tafsiri, mara ya kwanza kuingia kichwani mwa daktari na mara ya pili kumfikia mgonjwa, yanamwagika njiani, na anayelipia yaliyomwagika ni yule bibi. Mnajua wenyewe mtoto akiulizwa darasani swali analolijua jibu lake anavyonyamaza kwa kukosa neno. Tumekuwa tukiita ukimya huo ujinga...

---

#11 · binti_kisauni

Taarifa, Mheshimiwa Spika.

---

#12 · mnadhimu

Mzee, unaipokea?

---

#13 · mzee_wa_maktaba

Naipokea, binti yangu. Sema.

---

#14 · binti_kisauni

Ahsante, mzee. Yule bibi mwenye kichomi ni wa Turkana, na Kiswahili chenyewe amekisikia redioni tu. Serikali inabadilisha lugha ya daktari. Ya mgonjwa je?